Kambi Isiyo ya Mtihani: Mwongozo Kamili wa Kulala Msituni na Darasa la Tano

Mwambie mzazi wa Dar es Salaam kwamba mwanawe anakwenda kambi, atakuuliza, "Mtihani upi tena?" Hapa kwetu kambi ni darasa la nne na la saba kulala shuleni, kukariri mpaka usiku wa manane na kuamshwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kambi ninayoieleza hapa haina mtihani. Ni usiku mmoja msituni, na inaanza wiki mbili kabla ya kupanda basi, ubaoni.

Nafundisha darasa la tano katika shule ya serikali. Mkondo wangu una wanafunzi 80, na nimekwishaupeleka kwenye msitu wa Pugu, nje kidogo ya jiji, zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza niliharibu mengi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya sasa.

Hatua ya 1: Tafuta swali, mahali patafuata

Walimu wengi huanza kwa kuuliza "Tuwapeleke wapi?" Ndiyo maana ziara nyingi huishia soda, picha ya pamoja na watoto kulala kwenye basi wakati wa kurudi. Anza na swali ambalo mtoto analo tayari.

Swali langu ni hili: maji yanayofunga barabara Jangwani yanatoka wapi? Hakuna mtoto wa Dar asiyejua Jangwani, lile bonde la katikati ya jiji. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi baba anageuzwa njiani na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Basi nabandika karatasi ya manila ukutani na kuandika kila jibu linalotoka. "Mvua, Mwalimu." "Mitaro imeziba takataka." "Bahari imejaa." Mmoja aliwahi kusema, "Kuna mtu anafungulia bomba." Siwasahihishi. Karatasi inabaki pale pale mpaka turudi.

Siku inayofuata tunafungua ramani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka katikati ya jiji, unapita Jangwani na kumwaga maji baharini kwenye daraja la Salender. Watoto hufuata mstari huo kwa kidole, na vidole 80 vikishapita hapo ramani inabaki na alama ya jasho. Hapo ndipo mahali pa kwenda panapojichagua penyewe: tunapanda mto, tunakwenda kuona unakoanzia.

Kabla ya safari tunafanya jaribio moja. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zikate ubavuni zilale kama mitumbwi. Moja ijaze udongo mtupu wa uwanjani, umekanyagwa vizuri. Nyingine jaza udongo uleule, kisha ufunike kwa majani makavu na nyasi zenye mizizi. Ziinamishe kidogo, weka kikombe mbele ya kila mdomo, mimina nusu lita ya maji kwa kila chupa. Kikombe cha kwanza kinajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Cha pili kinadondokewa tone moja moja, na maji yake unaona chini ya kikombe. Usieleze kitu. Waache wabishane mpaka kengele ilie.

Kama shule yako iko Kigamboni, Bunju au Mbagala, tafuta swali la kwenu. Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi na ina magofu ya Kaole, ambayo kwa somo la historia hayana mshindani. Kijiji cha Makumbusho kinatosha kwa ziara ya mchana. Kuna jambo moja tu sibadilishi msimamo: watoto wa msingi siwalazi ufukweni. Maji ya bahari na watoto 40 wasiojua kuogelea ni hesabu nisiyoweza kuisimamia gizani.

Hatua ya 2: Chagua wiki

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kilichobaki chenye usiku wa baridi nafuu na njia kavu ni Juni hadi Agosti. Ndani ya hapo kuna dhahabu ambayo shule nyingi zinaitupa: wiki ya kusahihisha mitihani ya muhula, mwanzoni mwa Juni. Mitihani imeisha, shule haijafungwa, walimu wameinamia marundo ya karatasi, na watoto wanazunguka uwanjani na fagio mikononi. Wiki hiyo ichukue.

Mimi hugawa mkondo makundi mawili ya watoto 40. La kwanza linakwenda Jumatatu na kurudi Jumanne. La pili linakwenda Jumanne na kurudi Jumatano. Basi linaloleta kundi la pili ndilo linalorudisha la kwanza, kwa hiyo Jumanne hakuna safari tupu ya kulipia. Mahema hayang'olewi, mpishi habanduki. Alhamisi ni ya kazi ya darasani, Ijumaa ni siku ya kufunga shule, wazazi wanakuja kuchukua ripoti na kuona watoto walichofanya. Na kwa kuwa tunarudi kabla ya Ijumaa, Waislamu hawakosi swala ya Ijumaa, Wasabato wana Jumamosi yao na wengine Jumapili yao. Mwaka wa kwanza niliweka Ijumaa na Jumamosi, nikapokea wajumbe kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 3: Barua

Barua inaanzia kwa mwalimu mkuu, inapita kwa Afisa Elimu Kata na kwenda kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Usiandike neno "kambi" kwenye kichwa cha habari, litachanganywa na kambi za kitaaluma na utaulizwa maswali yasiyo yako. Andika: "Yah: Ombi la kibali cha ziara ya mafunzo, darasa la tano." Ambatisha mada za mtaala mnazokwenda kuzifanyia kazi, majina ya walezi, ratiba na mpango wa dharura. Ipeleke miezi miwili kabla. Barua za serikali zinatembea, hazikimbii.

Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Nenda mwenyewe siku moja kabla ya kuandika lolote, zungumza na wahifadhi, uone eneo la kuweka mahema, choo, maji na mtandao wa simu unashika wapi. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo unayopewa na ofisi, kwa simu au benki. Pesa ya mkononi usimpe mtu, hata akiwa amevaa sare.

Hatua ya 4: Wazazi na pesa

Elimu bila ada ilianza 2016, na tangu hapo neno "mchango" shuleni linashikwa kwa uangalifu kama sufuria ya moto. Mwalimu usiguse hela. Itisheni kikao, wazazi wenyewe wachague mweka hazina wao, risiti zisomwe kikaoni. Kambi iwe hiari, na asiyeweza kulipa aende bila jina lake kutajwa. Sisi huwa tunapiga hesabu ya watoto 80 kana kwamba wanaolipa ni 65. Pengo linazibwa na mzazi mwenye duka atakayetoa mchele, mwingine mwenye genge atakayetoa nyanya na vitunguu.

Kwenye kikao hicho utaulizwa kuhusu nyoka, mbu, na mapango ya Pugu ambayo kila mtu ana hadithi yake. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, alisimama akaniambia, "Mwalimu, mimi mwanangu hajawahi kulala nje ya chumba changu. Akilia saa 8 usiku, nani atamwamkia?" Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Laleni shuleni kwanza

Wiki moja kabla ya safari, kundi zima lilale usiku mmoja shuleni. Sogezeni madawati, tandikeni mikeka na magodoro, chumba kimoja cha wasichana na walimu wa kike, kingine cha wavulana na walimu wa kiume. Pikeni pale pale. Ni mazoezi, na yatakufichulia kila kitu.

Utajua nani anakoroma, nani anaogopa giza, nani ana pumu ambayo mzazi hakuiandika kwenye fomu. Utajua pia nani anakojoa kitandani. Katika watoto 40 wa miaka 10 au 11, tegemea kumpata mmoja au zaidi. Kambi yangu ya kwanza sikufanya mazoezi haya. Asubuhi mvulana mmoja hakutoka kwenye hema. Wenzake wanakunywa uji, yeye ameketi ndani amejifunika kanga ya mama yake, akisema anaumwa tumbo. Nilichukua karibu saa nzima kuelewa, na kufikia hapo wenzake walikuwa wameshaelewa kabla yangu. Jina walilompa alitembea nalo mpaka la saba.

Sasa nafanya hivi. Fomu ya mzazi ina mstari wa siri. Mlezi anamwamsha mtoto huyo saa 5 usiku na saa 9, akiwaamsha na wenzake wawili wengine ili asiwe peke yake. Kila hema lina begi moja la "nguo za akiba za kikundi", na kila asubuhi watoto wote, pasipo kubagua, wanaanika matandiko juani. Ukianika ya wote, ya mmoja hayaonekani.

Wasichana wa darasa la tano na la sita wengine wanaanza hedhi, na inaweza kuanza hapo hapo kambini. Mwalimu wa kike awe na taulo za kike za kutosha na awaambie mapema ziko wapi, ili mtoto asilazimike kuuliza mbele ya watu.

Shule isiyo na pesa ya msitu inaweza kuishia hatua hii. Usiku shuleni, moto mdogo uwanjani, nyota, na asubuhi kutembea mpaka mtaro wa karibu kufuata maji. Ni kambi halali.

Hatua ya 6: Watu wazima

Mlezi mmoja kwa watoto wanane. Kwa watoto 40 ni walezi watano, na mpishi na msaidizi wake hawahesabiwi humo, kwa maana mpishi akiambiwa aangalie watoto ama wali utaungua ama mtoto atapotea. Mmoja awe muuguzi au mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza.

Kanuni moja haina mjadala: hakuna mtu mzima kuwa faragha na mtoto mmoja, awe mwalimu, dereva, mzazi au mwongoza watalii. Walezi wawili wawili. Zamu za usiku ziandikwe kwenye karatasi. Kabla ya safari wafundishe watoto namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, na waambie kwamba wanaweza kuipiga hata dhidi yako wewe.

Hatua ya 7: Fomu ya afya

Ukurasa mmoja, simu mbili za nyumbani, saini. Pumu, kifafa, mzio wa chakula au dawa, na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Hii ya mwisho iulize kwa jina, kwa kuwa mzazi wakati mwingine huandika tu "huumwa miguu". Mtoto mwenye selimundu anaweza kwenda, ila baridi, uchovu na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali. Apewe blanketi la ziada, chupa yake isikauke, na aruhusiwe kukaa bila kujieleza. Dawa zote zinakaa kwa muuguzi zikiwa na majina, isipokuwa ya kuvuta ya pumu, ambayo inakaa mfukoni mwa mwenyewe.

Hatua ya 8: Mkoba

Begi la shule linatosha. Suruali ndefu, soksi, raba, ndala, sweta (Juni alfajiri Pugu watoto wa Kariakoo hutetemeka kama wako Lushoto), kanga au kikoi, mswaki, sabuni, sahani na kikombe cha plastiki, tochi, chupa ya maji, daftari na penseli. Kalamu ya wino ikilowa inafuta kila kitu. Simu, pesa na dhahabu vibaki nyumbani. Kanga ndiyo kifaa bora kuliko vyote: ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo na machela.

Hatua ya 9: Chakula na maji

Kwa watoto 40 na wakubwa wanane, mlo mmoja wa ugali unataka sembe kilo 12, mlo wa wali mchele kilo 8, na maharage makavu kilo 5. Maharage yalowekwe usiku na kuchemshwa nyumbani kwa mpishi, ukiyapeleka mabichi mtakula saa 4 usiku. Asubuhi uji na mihogo ya kuchemsha. Pikeni kwa gesi. Msitu ni hifadhi, na huwezi kumfundisha mtoto umuhimu wa miti huku umeshika panga na unatafuta kuni.

Maji ya kunywa piga lita 3 kwa kichwa kwa siku. Ukiongeza ya kupikia, kunawa na kuoshea vyombo, beba madumu 15 ya lita 20. Weka dumu moja lenye bomba karibu na choo, na sabuni imefungwa kwenye soksi ining'inie hapo. Sabuni isiyofungwa inapotea kwa saa moja.

Hatua ya 10: Basi na kuhesabu

Kodi basi moja kubwa badala ya kosta mbili. Kosta mbili zitaachana Tazara, na wewe utakuwa kwenye ile isiyo na yule mtoto unayemtafuta. Kagua mwenyewe matairi, leseni na bima siku moja kabla. Ondokeni saa 12 asubuhi kamili. Mnatoka mjini wakati magari yote yanaingia, Barabara ya Nyerere ni yenu mpaka Gongo la Mboto na Pugu.

Kuhesabu vichwa hakutoshi. Mara ya kwanza tulihesabu 40 mara tatu, wakatimia. Kumbe mmoja alikuwa mdogo wake mpishi, na mtoto wetu mmoja alikuwa bado chooni shuleni. Mpe kila mtoto namba, 1 hadi 40, iandikwe kwa kalamu ya rangi kwenye utepe wa kitambaa mkononi. Ukipiga filimbi, wanajitaja wenyewe: moja, mbili, tatu. Mnyororo ukikatika unajua papo hapo nani hayupo. Fanya hivyo kila mnapopanda, mnaposhuka, kabla ya chakula, kabla ya kulala. Kufikia siku ya pili wanaimba namba zao kama mchakamchaka.

Mkipita karibu na sekondari ya Pugu, simamisha somo la historia hapo hapo garini. Ilikuwa shule ya Mtakatifu Fransis, na Julius Nyerere alifundisha hapo mpaka 1955 alipoacha kazi ili ashughulikie TANU. Waulize: mwalimu mwenye mshahara anaacha kazi kwa ajili ya chama kisicho na pesa, mama yake angesema nini? Mjadala huo utawafikisha getini.

Hatua ya 11: Siku ya kwanza msituni

Kabla ya kitu kingine, mhifadhi awaeleze mipaka na sheria. Kisha hema, choo, maji. Kisha mti. Ndiyo, mti mmoja, si msitu wote.

Saa 5 na nusu simika fimbo ya mita moja wima mahali penye jua, na kila dakika tano mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Wote wanajua kivuli kifupi kuliko vyote ni saa 6 kamili mchana. Saa 6 inafika, kivuli bado kinafupika. Wanaanza kunitazama. Kinaacha kufupika kati ya saa 6 na dakika 20 na saa 6 na dakika 25. Saa zetu za mkononi zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dar iko nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo jua linatufikia kwa kuchelewa. Kivuli hicho kifupi kina urefu wa sentimita 57 hivi mwanzoni mwa Juni, na kinaelekea kusini, kwa kuwa mwezi huo jua liko kaskazini yetu. Jua hutupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba.

Hapo hapo pima kivuli cha mti. Fimbo ya sentimita 100 ina kivuli cha 57; mti wenye kivuli cha mita 8 na sentimita 55 una urefu gani? Watoto waliokuwa wanaona uwiano ni adhabu watapiga magoti mchangani kukokotoa. Ni mita 15.

Alasiri ni miraba. Kila watoto wanne wapewe kamba ya mita nne, waitandaze chini iwe mraba wa mita moja kila upande, na wakae hapo dakika 30 wakiandika kila wanachoona. Dakika tano za kwanza watasema, "Mwalimu, hamna kitu, majani tu." Usiwajibu. Kwenye dakika ya kumi kimya kinaanza kuingia. Msichana mmoja aliinua jani moja kavu kwa ncha ya penseli. Chini yake kulikuwa na jani jingine lenye matundu, chini yake nyuzi nyeupe za ukungu, chini yake udongo mweusi, na jongoo akajikunja mviringo kama bangili. Akaandika: "Majani yana ghorofa." Sijawahi kuieleza mboji vizuri kuliko hivyo.

Kisha toa maji. Lita moja mwage kwenye njia iliyokanyagwa, lita moja mwage ndani ya mraba wenye majani. Ya njiani yanakimbia, yanabeba vumbi, yanatafuta mteremko. Ya chini ya majani hayaonekani yalikokwenda. Hapo mmoja atasema "Jangwani" bila kuulizwa. Ikiwa hakuna anayesema, subiri. Usimpokonye mtoto neno lake.

Hatua ya 12: Usiku

Jua linazama saa 12 na dakika 10 hivi. Kama mhifadhi anaruhusu, kaeni mbali na mahandaki ya zamani ya kaolini mtazame popo wakitoka. Watoto wasiingie ndani na wasiguse popo hata mmoja, aliye hai au aliyekufa.

Suruali ndefu na soksi kabla ya magharibi, dawa ya mbu, na chandarua kwa hema lisilo na wavu. Mchana pia paka dawa: mbu wa dengi huuma mchana, na Dar inawajua tangu milipuko ya 2014 na 2019. Hema lifungwe zipu muda wote, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Saa 2 usiku zima taa zote. Watoto wa mjini hawajawahi kuona giza lenyewe, wapeni dakika kumi macho yazoee. Upande wa kusini Msalaba wa Kusini umesimama wima, nyota nne kubwa kama tiara. Watakuuliza kuhusu Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kwa maana bibi zao wamekitaja. Hutakipata. Wahenga wamesema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakati wa masika kimezama pamoja na jua, na kitarudi kuonekana alfajiri upande wa mashariki kuelekea mwisho wa Juni, kiangazi kikiwa kimeshika. Hiyo ndiyo kazi ya likizo.

Hadithi za majini zipige marufuku baada ya saa 3. Nyimbo zinaruhusiwa. Anayelia kwa kumkumbuka mama asipigiwe mama usiku, mpe kazi: ashike tochi ya zamu na mlezi mpaka usingizi umchukue. Kwa kawaida dakika 20 zinatosha.

Hatua ya 13: Yakiharibika

Nyoka akiuma: mtoto alale atulie, kiungo kisitikisike, vua bangili na viatu, gari lielekee Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimtafute nyoka umpige. Gari moja dogo libaki kambini usiku kucha, dereva asinywe na funguo zijulikane zilipo.

Upupu ndio utakaokusumbua zaidi kuliko nyoka. Juni ganda zake zinaanza kukauka. Aliyeguswa asijikune, bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua ili ing'oe vinyweleo, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo zake ziende kwenye mfuko peke yake, zikichanganywa hema zima litacheza ngoma.

Siafu: hamisheni hema, msipigane nao. Mtoto asipopatikana kwenye hesabu: wote wakae chini walipo, walezi wawili tu na mhifadhi ndio watafute. Moto, 114. Polisi, 112.

Hatua ya 14: Asubuhi ya pili

Saa 12 na nusu watembee kimya, kundi la watu wanane wanane. Huo ndio wakati wa ndege, na mwenye bahati atamwona sange, yule mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, akipekua majani. Kundi likipiga kelele halioni kitu, na halihitaji mwalimu kuligombeza, litagombezana lenyewe.

Kisha namba ya usafi, kama shuleni. Takataka zote zinarudi mjini ndani ya magunia, pamoja na maganda ya mihogo.

Hatua ya 15: Rudini ubaoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ukiiruka umelipia pikiniki. Alhamisi asubuhi makundi yote mawili yanakaa mbele ya ile karatasi ya manila. Nawapa kalamu nyekundu, wanasahihisha majibu yao wenyewe. "Mitaro imeziba" haikufutwa, walisema ni kweli lakini haitoshi. "Bahari imejaa" walibishana mpaka saa 4, nikawaachia. Yule wa bomba alisimama mwenyewe akachora mshale kutoka Pugu hadi Salender, akaandika pembeni: "Bomba ni mlima usio na majani."

Ijumaa wazazi wakija kuchukua ripoti, mezani kuna chupa mbili zilizokatwa, dumu la maji na watoto wawili wa kumimina. Mwalimu akae nyuma kabisa. Yule mama aliyeniuliza nani angemwamkia mwanawe alimimina maji mwenyewe, akamimina tena, kisha akamgeukia mwanawe: "Na kwetu Kigogo yanapita wapi?"

Shule ikifunguliwa Julai, kabla ya kuita majina, uliza nani ameamka alfajiri akakiona Kilimia. Mwaka jana walinyoosha mikono 11, na wawili walikuwa wamewaamsha baba zao.